Maua ya Bibi na Koki Iliyovuja

Shangazi yangu hawezi kukaa raha mahali penye koki inayovuja. Ukimkaribisha kwako, kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani shingo yake imeshageukia bafuni. Nimemwona kwa macho yangu akiacha sahani kwenye sherehe ya watu asiowajua, akaenda kuchutama chini ya sinki la jikoni kwao, akarudi mikono imelowa na kuendelea kula kama mtu aliyekwenda kunawa. Alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne. Kazi alifundishwa na baba yake, na pamoja na kazi alirithi mtindo mmoja: kila alipoziba kiungo kwa saruji, alichukua msumari akachora tarehe kabla saruji haijakauka, ili bomba likija kuvuja tena aulizwe yeye. Mtaani wanamwita Mama Mkavu. Nyumba yetu, nilikokulia mimi, aliikausha yeye pia. Siku hizi magoti yamegoma, hatambai tena chini ya sakafu za watu, ila shingo bado inageuka.

Koki moja tu ndiyo iliyomshinda, nayo ilikuwa ya kwake mwenyewe, uani. Chini ya koki hiyo kuna tangi la saruji lisilo na kifuniko, kina chake kinafika kiunoni. Waliolijenga ni mafundi walioijenga nyumba, walikuwa wakihifadhi humo maji ya kukorogea zege. Shangazi alilibakiza kwa ajili ya kazi. Alikuwa akiunga mabomba mezani, anayazamisha mle, anayapulizia upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha anatazama mapovu yanatokea wapi. Alilipa jina la Mahakama, kwa sababu bomba likiingia mle haliwezi kudanganya. Koki ya juu yake haikufunga sawasawa. Maji yalishuka usiku na mchana, membamba kama uzi, yakajaza Mahakama, yakatokea kwenye tundu la upande wa pili na kuingia kwenye ndoo ya kudekia. Kila mwaka Shangazi aliahidi kuitengeneza, na kila mwaka kulikuwa na koki ya mtu mwingine iliyomngoja.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilipohamishiwa shule ya karibu na kwake alinipa chumba kinachotazama uani, na ndiyo maana haya yote nimeyaona kutoka dirishani, wakati mwingine nikiwa na mswaki mdomoni. Nilipoingia, mahali pazuri kuliko pote uani palikuwa ukutani, penye maua ya bibi.

Bibi alikuwa mama yake Shangazi, na baba yangu alikuwa mwanawe pia. Maua yenyewe watu wengine huyaita kana: majani mapana kama ya mgomba mchanga, ua la manjano lenye madoa mekundu, na chini ya udongo matunguu yenye vifundo kama tangawizi. Bibi alipofariki, matunguu yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja Shangazi alilipanda ukutani kwake. Fungu la pili alilichukua mama yangu, ambaye ni wifi yake, akalipanda nyuma ya ukuta wa bafu letu.

Yetu yalikufa kabla mwaka haujaisha. Nakumbuka mama akibeba beseni la maji asubuhi na jioni, akiyamwagia yale majani yaliyojikunja, na mimi nikimuuliza kwa nini anajisumbua na vitu vilivyokwisha kufa. Shangazi hakumsamehe. Kwa miaka kumi na moja, kila walipokutana, hata mbele ya wageni, alikuwa na neno lake: “Wifi, nilikukabidhi mama yangu ukamkausha.” Watu walicheka, maana mawifi ndivyo wanavyotaniana. Mama naye alicheka. Mimi nilimjua mama yangu, na kile hakikuwa kicheko chake.

Kisha binamu yangu, mwanawe Shangazi, akaamua kumjengea mama yake vyumba viwili vya kupangisha. Nia njema kabisa. Mwashi naye alikuwa mtu mwema, ila kwa wiki nne alioshea ndoo na mwiko wake kwenye shina la maua ya bibi, akimwaga pale maji ya chokaa na saruji. Shangazi alikuwa hospitalini kwa ajili ya magoti, mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, wala sikuinua macho. Aliporudi, uani kote kulikuwa kumepigwa sakafu ya saruji, nyororo kama meza, na ukutani palibaki ukanda wa udongo mweupe. Alichimba kwa mikono. Matunguu yalitoka yamelainika na kunuka. Kati ya yote akapata moja lililobaki gumu, refu kama kidole, lenye jicho moja.

Alikaa nalo kwenye kiti cha jikoni. Alilia, na hakujificha.

“Nyumba ikianguka nitajenga nyingine,” alisema. “Hiki kikiniponyoka, mama amekwisha.” Akajifuta uso. “Na usimwambie mama yako.”

Nilielewa. Miaka kumi na moja ya utani ilikuwa imegeuza uso, na ilimtazama yeye.

Tuliliweka lile tunguu kwenye chungu. Hapo ndipo nilipoanza kutoa ushauri, na ushauri ninao mwingi. Nilisema mbolea, nikasema kivuli, nikasema limwagiliwe mara mbili. Lilitoa jani, likatoa la pili, kisha ncha zikaungua. Ile sakafu mpya ilikuwa ikichoma kama kikaango kuanzia saa nne asubuhi, na chungu kikawa kinakauka kabla sijamaliza kipindi cha pili shuleni. Jioni moja nikamkuta Shangazi amekaa juu ya ndoo, hatazami chungu, anatazama Mahakama.

“Mwalimu,” akaniambia, maana tangu nimeajiriwa haniiti jina. “Unadhani fundi bomba anatafutaje bomba lililopasuka chini ya ardhi?”

“Kwa kusikiliza.”

“Sikio ni la mwisho. Kwanza natazama kilichoota. Ukiona nanaa imenenepa mahali pamoja kuliko wenzake, chimba hapo. Waridi likigeuka manjano upande mmoja, maji yako upande huo. Nimesoma bustani za watu miaka yote hiyo na sikuwahi kupanda hata kitunguu. Kuna nyumba moja, wenyewe walisafiri, bomba likapasuka mtaroni. Nilikuta maua kama ya mama yamesimama ndani ya maji. Yamenizidi urefu, yamechanua. Nikatengeneza bomba, nikaondoka. Sikurudi kuuliza yaliendeleaje.”

Nilimwambia kwamba mmea wa nchi kavu ukizamishwa unakosa hewa, mizizi inaoza, na kwamba jambo hilo limeandikwa. Akaniuliza aliyeandika alikuwa na tangi la namna gani.

Lakini hakukurupuka. Tunguu la bibi lilibaki chunguni, kivulini mlangoni, na yeye akaanza kujaribu kwa mimea ambayo ikifa hakuna atakayelia. Aliokota makopo ya rangi, akayatoboa. Akapanga matofali ndani ya Mahakama, ngazi kwa ngazi, akachora ukutani kwa rangi mistari ya inchi moja moja, ajue kila kopo limezama kiasi gani. Mara ya kwanza alitumia udongo niliouchagua mimi, mwepesi, wenye samadi. Kufika asubuhi samadi ilikuwa inaelea na maji yamekuwa rangi ya chai. Mara ya pili alitumia udongo mzito wa kufinyangia, akaufunika kwa kokoto, ukatulia. Akatia visamaki vinne vya kula viluwiluwi vya mbu, na kila jioni nilipotoka kazini nilipokewa na taarifa.

“Asumini imenuna.”

Kesho yake: “Waridi limefariki, siku tisa. Sikulipenda lakini.”

Nanaa ilikwenda mbio, ikatambaa juu ya maji mpaka ikaanza kuchungulia tundu la kutokea. Gimbi lilitanua majani kama limepewa cheo. Mchaichai ulisitasita wiki mbili, halafu ukakubali, mradi shingo yake ibaki juu ya maji. Hilo ndilo Shangazi aliloliandika kwenye daftari lake la zamani la kazi na kulipigia mstari: mguu ndani, shingo nje. Usiushushe wote kwa siku moja, ushushe inchi kwa wiki. Nami kwa siri nikaanza kuwafundisha wanafunzi wangu mambo ambayo kitabu hakina.

Zamu ya tunguu la bibi ilipofika, alivaa nguo safi. Alilihamishia kwenye kopo, akalishusha kwenye tofali la juu kabisa, karibu na mahali koki inapotonea, maji yakilamba chini ya kopo tu. Wiki iliyofuata inchi moja. Iliyofuata nyingine. Tukawa hatuongei mengine. Jani jipya lilijitokeza limejiviringisha kama barua, tukabishana siku tatu litafunguka upande gani. Likafunguka, likaja la pili. Yalipofika matano, kijani kibichi bila doa, sikuweza kuufunga mdomo wangu. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote, chokaa, mwashi, Mahakama.

Mama alikuja Jumamosi ile ile. Shangazi alipomwona mlangoni alinitupia jicho ambalo bado ninalo mgongoni. Wakaenda uani. Mama akautazama ukuta mtupu, akautazama ule mmea mmoja majini, na mimi nikangoja ampe wifi yake vidonge vyake vya miaka kumi na moja. Haki ilikuwa yake.

“Pole, wifi,” alisema. “Pole sana.”

Shangazi akawa hana pa kuyaweka macho. Nadhani mama aliliona hilo, ndiyo maana akatafuta cha kuchekea. Akaonyesha koki kwa kidevu. “Na hii je? Mama Mkavu mzima, uani kwake kunavuja hivi? Nitakutangaza.”

Wakacheka, wakanywa chai, mama akaaga. Hajafika hata kituoni, spana ilikuwa imeshatoka kabatini. Shangazi alifungua koki, akatoa mpira wa ndani uliokuwa umeliwa, akaweka mpya, akazungushia utepe mweupe, akakaza. Kazi ya dakika kumi. Nilikuwepo, nilimshikia taa ya simu, na nikampongeza.

Siku ya kumi na mbili jani la chini likawa manjano.

Tulisema ni uzee. Siku ya kumi na tano likafuatia la pili, na nanaa ikaanza kuwa nyeusi shingoni. Shangazi alipandisha kopo tofali moja. Mimi nikatafuta konokono kwa kibiriti na kijiti, nikapata wawili wasio na hatia. Nikapendekeza mbolea, nikaambiwa nikaifundishe shuleni. Aliingiza kidole kwenye udongo, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka yai bovu. Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi nikamkuta amevaa kanga ya juzi.

“Nyumba ikianza kuvuja,” alisema, “swali ni moja. Kimebadilika nini? Hakuna kinachoharibika bila kitu kubadilika.”

Tukahesabu vilivyobadilika. Jua halikubadilika. Udongo ni ule ule. Samaki ni wanne, ingawa walikuwa wanakaa juu juu, midomo nje ya maji, na mimi, mwalimu wa sayansi, nikadhani wananisalimia. Vyote tulivitaja. Koki hatukuitaja. Kwake yeye, kuziba kinachovuja hakujawahi kuwa mabadiliko. Ilikuwa ni kurudisha mambo mahali pake, na nani atajishuku kwa hilo?

Jani la tatu lilipoinama nikampigia mama tena. Safari hii Shangazi hakunitupia jicho. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, mikono mapajani. Mama aliingia uani, akavuka ile sakafu mpaka katikati, akasimama.

“Mbona kimya hapa?” aliuliza.

Tukamtazama.

“Ile koki iko wapi? Siku ile ilikuwa inaongea. Wifi, usiniambie umeitengeneza kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi nilikuwa natania.”

Shangazi aliinuka, magoti yakalia. Akazamisha mkono Mahakamani hadi kwenye kiwiko, akautoa taratibu. Ulikuwa na utelezi. Maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kuoga mtoto. Aliutazama mkono wake muda mrefu, na kwangu mimi mambo yote yakajipanga kwa pamoja, samaki, harufu, nanaa. Ule uzi wa maji ndio uliokuwa ukiipelekea mizizi hewa. Maji yalipolala, mizizi ikazimia.

Alilitoa tunguu. Nusu yake ilikuwa imeoza. Alilikata kwa msumeno wake mdogo wa bomba, kipande baada ya kipande, mpaka akafika penye weupe, na hapo likabaki fundo dogo kuliko kidole gumba, lenye jicho moja. Akalipanda upya. Kisha akaifungua koki, akatoa ule mpira mpya, akauweka juu ya ukingo wa tangi na kushika kisu.

Hakukata. Mkono ulikataa. Amefanya kazi miaka thelathini na minne na hajawahi kuharibu kitu kinachoziba.

“Kata, wifi,” mama akasema kwa upole. “Hakuna anayekuona ila sisi.”

Akakata, mkato mdogo pembeni. Akaurudisha, akafungulia maji kutoka tangi la juu ya paa, na ule uzi ukashuka. Tukakaa pale watu watatu wazima kusikiliza koki inavuja, mpaka chai ikapoa jikoni.

Jicho lilichipua wiki ya nne. Sitasimulia kila jani, ingawa naweza. Katika miezi iliyofuata lilizaa, likajaza kopo, likahamishiwa ndoo, na siku liliponyanyua ua la kwanza, manjano, madoa mekundu, Shangazi aliniamsha kwa kunigongea dirisha na kuondoka bila kusema neno. Msimu ulipoisha aligawa matunguu mafungu mawili, kama mwanzo. Fungu moja akalifunga kwenye gazeti bichi, akachukua mfuko wake wa vifaa, akasema tunakwenda kwetu.

“Nitakuwekea kwenye beseni,” alimwambia mama tulipofika. “Na koki yako moja nitaikata mpira, usishtuke.”

“Kwa nini tusiyapande pale pale pa zamani?” mama aliuliza.

Tukaenda nyuma ya bafu. Udongo pale ulikuwa mgumu kama njia. Shangazi aliinama, akapiga magoti kwa shida, akaanza kufukua kando ya ukuta kwa mwiko. Chini kidogo mwiko ukagonga saruji. Ilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi, limefunika kiungo cha bomba linaloingia bafuni. Alilisugua kwa kidole gumba, tarehe ikatokea, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Aliisoma. Nikamwona anahesabu.

“Hii ni mwezi mmoja baada ya kumzika mama,” alisema.

“Ndiyo. Ulikuja kunizibia. Palikuwa panalowa siku zote hapa.”

“Maua yalianza kunyauka lini?”

Mama alikuwa ameshika lile gazeti lenye matunguu kifuani, kwa mikono miwili. Nikakumbuka beseni, asubuhi na jioni, na mimi nikimcheka.

“Wifi,” Shangazi akasema, “ulijua?”

“Nilijua mwezi mmoja baada ya wewe kuziba. Nikajaribu kuyapa maji kwa beseni, hayakutosha.”

“Na miaka yote hii nakusema mbele za watu.”

“Ulikuwa umefiwa,” mama alisema. “Ulikuja hapa ukafanya kazi kutwa nzima bila kutia kitu tumboni, na ulipomaliza ukasema angalau kitu kimoja umekitengeneza. Ningekwambiaje?”

Shangazi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mama alinipa mimi gazeti, akapiga magoti pembeni yake kwenye lile vumbi na nguo yake nzuri, akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilitazama pengine.

Baadaye Shangazi aliomba patasi na nyundo. Alilivunja lile bonge mwenyewe, akalegeza kiungo robo mzunguko, akatazama, akarudisha kidogo, mpaka maji yakawa yanatoka kwa kiasi alichokitaka. Akakoroga saruji kiganja kimoja, akaziba upya, safari hii akiacha ufa mwembamba upande wa bustani. Tukapanda. Kisha akatoa msumari kwenye mfuko, na badala ya kuchora akampa mama.

“Andika wewe. Ni yako.”

Mama aliandika tarehe polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza aliona nafasi imebaki, akaongeza chini yake: iachwe ivuje.